Bifuniko ya Jeanne

Bifuniko ya machupa iko mu kopo ya maziwa, juu ya meza. Ya bluu na ya mwekundu. Tangu tulimuzika Jeanne sikuigusa. Niliogopa.

Jeanne alikuwa muke yangu miaka makumi ine na moja. Alizaliwa Lukafu, kwa balimaji. Huku Kasungami alilima mboga ya lengalenga kando ya mto, akaibeba ku kichwa mpaka Bel-Air, kuiuzisha nyumba kwa nyumba. Hakusoma, sawa mi. Lakini alikuwa na swali moja, na aliliuliza juu ya kila kitu: "Hii inatoka wapi, inaenda wapi?"

Siku ya posho, Jumamosi, kisha kazi, bamama ba avenue balikaa kwetu, yeye anabafundisha. Makala inatoka wapi? Mu pori ya Lukafu, ile alichezaka mo akiwa mutoto. Sasa haiko. Majivu inaenda wapi? Mu bustani. Lengalenga je? Mu tumbo ya bantu ba Bel-Air.

"Na kisha tumbo?"

Bamama balicheka. "Mama Jeanne, acha tukule kwanza!"

"Mukule. Muji nayo inakula. Inakunywa, inaenda ku choo, sawa muntu. Na kila kitu inarudi."

Siku moja aliniita mu kiwanja. Alikuwa na ile bifuniko. "Nisaidie, Papa Ephraïm. Bluu ni kisima, mwekundu ni choo. We njo ulichimba yote. Weka."

Ni kweli. Mu avenue yetu mi njo muchimbaji. Kila mwenye lupango, ile kiwanja na ukuta yake, aliniambia: "Papa, pima vizuri, choo ikuwe mbali na kisima." Nilipima vizuri. Hatua makumi mbili, toka ukuta moja ya lupango mpaka ingine.

Niliweka bifuniko juu ya muchanga. Jeanne aliweka bijiti katikati, ni ukuta. Mu kila lupango bluu iko mbali na mwekundu. Nilifurahi.

"Sasa toa bijiti," alisema.

Nilitoa.

Bluu yetu ilikuwa karibu igusane na mwekundu ya Ngosa, jirani wa nyuma. Hatua ine. Katikati, paka ukuta tu.

"Maji haijue lupango," Jeanne alisema. "Siku ya posho tubaonyeshe bote."

"Hapana."

"Juu ya nini?"

"Batasema naua bantu. Batanifukuza."

Aliniangalia. "Basi, utasema we mwenyewe. Nitangoja."

Nilisema kesho. Na kila asubuhi, tena kesho.

Alianza kuchemsha maji. Makala ilimuuma. "Ni pori yangu njo tunachoma," alisema. Maji yangu aliichemsha kila siku. Yake, sikujua. Nilikuya kujua ku lopitalo, wakati munganga aliuliza: "Mama, unakunywa maji gani?" Alijibu: "Ya kisima. Ile ya kuchemsha ni ya muzee." Homa ya tumbo. Siku kenda, akaisha.

Leo asubuhi Mwenya, muke wa mutoto wa Ngosa, alikuya na bidon ya maji. Ku mugongo alibeba Merdi, ana miezi saba.

"Papa, kisima yetu ilikauka. Baba-mukwe anasema yako haikauke."

Alishusha ndoo. Kamba ilienda chini, na mi nilibaki paka kuiangalia tu.

"Mwenya."

"Papa?"

Nilikamata kamba, nikaiacha. Alicheka. "Papa, unaogopa nitaimaliza yote?"

Alienda na bidon ku kichwa. Kisha nilisikia, ku ngambo ya ukuta, anapasua bijiti ya moto. Mutoto analia. Anataka uji, ao anataka maji sasa hivi, mbele ya moto kuwaka? Nilikamata kopo, nikazunguka na barabara mpaka kwa Ngosa.

Ngosa alikuwa anafunga mupira ya kinga, ile baiskeli yake. "Ephraïm! Leo jua itaanguka, ulitoka mu nyumba!"

"Mwambie Mwenya asimupe mutoto ile maji."

Niliinama, nikaweka bifuniko mbili chini. Bluu moja, mwekundu moja. Bila kijiti.

Ngosa alikamata mwekundu. "Hii ya nani?"

"Ni choo yako. Bluu ni kisima yangu."

"Nani alichimba?"

"Mi. Yote mbili. Na ya avenue yote."

Aliangalia ukuta. "Jeanne alijua?"

"Alijua. Alikuwa anangoja niseme."

Aliita kwa nguvu: "Mwenya! Mutoto alikunywa?"

"Bado, Baba."

"Ile bidon, imwange."

Kisha, bila kuniangalia: "Kesho ni siku ya posho. Utabaambia bote."

Nilitaka kusema acha kwanza. Maji ilimwangika, nami nikaangalia inaenda wapi. Ilipita karibu na magulu yangu, ikaenda polepole ku ukuta, upande ya kwetu.