Safari ya Mama na Mdogo Wake

Mama alinyamaza tangu alipotoka eda ya baba. Hakuwa mgonjwa, alikula, akasali, akaitikia salamu, kisha akarudi kutazama ukuta. Mimi si mtu wa kustahamili kimya. Nikaamua kumpeleka Ufaransa, mji wa Montpellier, siku chache tu. Mama alizaliwa Bujumbura, akasomeshwa na masista, na hapa Ibra, Oman, hakuwa na mtu hata mmoja wa kusema naye Kifaransa. Nilidhani akikisema tena, roho itamrudi.

Ilimrudi kabla hatujaondoka. Kila baada ya Alasiri nilitandaza ramani juu ya zulia, kahawa na halwa kando, tukapanga. Tutalala mjini, asubuhi tutapanda treni kwenda Nîmes kuona kiwanja cha Warumi wa kale, jioni turudi. Mama akacheka, akanikosoa matamshi, akaniuliza kama nimelelewa zizini. Nilifurahi hata nikataka kulia.

Kisha akaanza kugeukia upande wa pili. Alisema jambo kwa Kifaransa, akatega sikio, akaitikia kwa kichwa, akacheka tena. Upande ule palikuwa na mto wa kuegemea, basi.

"Mama, wasema na nani?"

"Na mdogo wangu. Naye anataka kwenda."

Habari za mdogo wake nilizijua kwa juu juu. Walikuwa wakisemezana Kifaransa wawili wao ili wakubwa wasiwafahamu, na huyo mdogo alizama katika Ziwa Tanganyika angali mtoto. Nyumbani kwetu habari ile haikuguswa.

"Wallahi mama, wanitisha."

"Wewe kila kitu chakutisha. Hebu panga safari."

Nikapanga, kwa hasira. Nikataja Aigues-Mortes, mji mdogo uliozungushiwa ukuta wa mawe, nikidhani utamkumbusha ngome ya Nizwa. Mama akausikiliza ule mto.

"Huko hataki. Anaogopa maji."

"Maji gani? Si ukuta tu huu?"

"Jina lake maana yake maji yaliyokufa. Khalas, toa."

Nikatoa. Nilipokuwa nikiondoa vyombo, nikaugusa mto ule, umerowa. Nikaunusa: si kahawa. Nikauanika juu ya paa, kwa jua la Ibra linalokausha kanga kabla hujashuka ngazi. Kesho yake alasiri ulikuwa ungali mbichi. Sikumwambia mtu. Nywele zilinisimama, na haya pia nikaona, maana mimi ni mwalimu wa sayansi.

Nikaanza kuogopa jambo moja: kwamba nitaondoka na mama na nitarudi peke yangu. Yule aliyemngoja miaka yote ile, akishampata, atakubali kuniachia? Nikaazimia kuivunja safari. Nikaenda jikoni kumwambia, nikamkuta anachoma vitumbua huku akiimba. Tangu baba afe hakuwa ameshika chuma cha vitumbua. Maneno nikayameza. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, nikajiambia, na methali yenyewe ikanitia baridi.

Asubuhi ya safari wifi yangu alifukiza udi mlangoni. Kwetu msafiri hupita kwanza chini ya Msahafu ulioinuliwa, ndipo atoke, ili arudi salama. Wifi alinipitisha mimi, kisha nikaupokea nimpitishe mama. Akapita. Nikaanza kushusha mikono.

"Usiushushe," akasema mama. "Bado yeye."

Wifi alinitazama. Teksi ilikuwa nje inatungoja. Nikauinua tena juu ya kizingiti kitupu. Moshi wa udi, uliokuwa ukipanda wima, ukalala upande mara moja, kisha ukanyooka.

"Haya, keshapita."

Nikashindwa kujizuia. "Na wewe mama? Utarudi nami?"

Akanishika shavu. Mkono wake ulikuwa mkavu, una joto, mkono wa mama yangu.

"Mimi nitarudi, mwanangu. Yeye ndiye tunayempeleka, abaki huko."

Nikaubusu mkono ule, nikamfungulia mlango wa teksi. Mimi nikakaa mbele na dereva, kiti cha nyuma nikawaachia wao wawili.