Furu wa Sebuleni

Mama yangu hakuwa wa kurudi kijijini ng'ambo ya ziwa tena. Hilo nililiamua siku nilipompokea kwenye kivuko cha Kamanga, mguu umevimba, anatembelea fimbo, sauti imefifia kwa kukaa peke yake tangu baba afariki. Alikuwa ameanguka akitoka ziwani na ndoo, akalala palepale hadi jirani alipomkuta. Mimi ndiye binti yake pekee, na nikishaamua jambo sina tabia ya kuzunguka nikiuliza watu wanaonaje.

Aliyenipinga ni yeye mwenyewe. Kwetu Usukumani mama mkwe hakai nyumbani kwa mkwe wake wa kiume. Hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Kijijini jambo hilo halina shida kwa sababu nafasi ipo. Sisi tulikuwa tumepanga vyumba viwili na sebule huko Nyakato, na sebule yenyewe ukinyoosha miguu unagusa ukuta wa pili. Mume wangu akawa anaingia kwa mlango wa uani, anakohoa, anasubiri mama ageuke, halafu ananyata kwenda chumbani kama mwizi, ndani ya nyumba anayoilipia kodi mwenyewe. Mama naye alishinda ameukodolea macho ukuta. Haikuchukua muda akaanza kuulizia ratiba ya kivuko.

"Mwanangu, mimi aibu itaniua kabla ya huu mguu," aliniambia.

"Hospitali zote nilizompeleka mtu, sijaona aliyelazwa kwa aibu," nikamjibu.

Nilifunga pazia katikati ya sebule. Mama akasema anajiona yuko wodini. Nikalitoa kwa hasira, na kamba yake nikaikata ili nisije nikajaribu tena.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha samaki, kwenye meza ya kukata minofu ya sangara ya kupeleka Ulaya. Kutwa nzima nilishika samaki wafu, wa baridi, wengine wakubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Siku moja nilitumwa ofisini kwa meneja, nikakuta ameletewa tangi la kioo lenye samaki wa baharini, wa njano, wa bluu, wa milia, wanapishana kwenye matumbawe kwa adabu zao. Wageni wawili walikuwa wamekaa pale wanabishana kuhusu bei. Kilichonivutia ni kwamba walibishana vizuri tu huku wote wakiangalia samaki. Hakuna aliyemtazama mwenzake hata mara moja.

Nilirudi nyumbani nimeshapata dawa.

Mume wangu alikuwa fundi vioo. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, kila mwenye duka mjini alitaka kioo kikubwa mbele, bidhaa zionekane kutoka barabarani, na uani kwetu kulijaa vipande vilivyokatwa vibaya au vya wateja waliobadili mawazo. Nikamwambia anitengenezee tangi.

"La nini?"

"La kuweka kati yako na mama."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu, kioo kinaonyesha!"

"Nitajaza mawe."

Akalitengeneza, maana ananijua. Mawe tuliyatoa ufukweni Bwiru na kuyabeba kwa baiskeli, tukayapanga katikati ya tangi kutoka chini hadi karibu na juu, yenye mapango na vichochoro. Kiti cha mama kikawa upande huu, cha mume wangu upande ule. Maji ya bomba tuliyaacha kwanza kwenye pipa, dawa yake iishe. Kilichobaki kilikuwa samaki, na hapo ndipo nilipojua kwamba yule meneja alikuwa amenunua amani iliyokwisha kutengenezwa na wengine.

Kosa la kwanza lilikuwa la tamaa. Nilienda mwaloni Kirumba, wavuvi wanaposhushia samaki, nikachukua kila kilichokuwa hai kwenye ndoo ya mvuvi: kambale mdogo, sato wawili, furu kadhaa, na kisangara cha urefu wa kidole nilichokionea huruma. Asubuhi kisangara kilikuwa na tumbo kama mjamzito na furu walikuwa wamepungua. Kambale naye akamalizia wengine kabla sijarudi kutoka kazini. Nikawatoa wote wawili, nikabaki na sato, ambao hawakula mtu lakini walifukua mchanga kutwa nzima mpaka maji yakawa chai ya maziwa. Sato nao nikawatoa.

"Sasa tangi lako lina mawe tu," mama alisema, amegeukia ukuta wake.

"Subiri."

Nikaamua kubaki na furu peke yao, wale wa mawe, samaki wadogo ambao mama alikulia kwa kuwala na kutulea kwa kuwaanika na kuwauza. Sangara alishawamaliza sehemu kubwa ya ziwa, na waliobaki walivuliwa kwenye miamba ili wawe chambo cha huyohuyo sangara. Nilizoeana na mzee mmoja wa ndoano aliyekuwa anawauza wakiwa hai.

"Shemeji, hawa unakwenda kuvulia wapi?" aliniuliza.

"Sebuleni."

Nikachukua madume wawili, mmoja wa bluu mwenye mkia mwekundu, mwingine mwekundu mgongoni, kwa sababu walipendeza. Wakapigana hadi yule mwekundu akabaki bila mkia, akafa. Nikaleta dume mwingine, akafa pia. Nilipoleta majike wawili, yule wa bluu aliwakimbiza bila kupumzika, wakajibana kona ya juu wanahema. Nilikaa mbele ya lile tangi nikitamani kumtandika samaki kofi.

Nilikuja kuelewa kwa kuangalia tu. Yule dume alikuwa mwenyeji, na kila aliyeingia baada yake alikuwa mvamizi. Basi nikamtoa nikamweka kwenye ndoo. Mawe nikayapanga upya kabisa ili hata yeye asiyatambue, nikahakikisha ukiwa pango hili huoni pango lile. Kisha nikaleta majike wengi, wa rangi ya jiwe, wanaolingana naye ukubwa, na gogogo mmoja mdogo wa kuokota mabaki chini. Nikawamwaga wote siku moja, na dume nikamrudisha wa mwisho, akiwa mgeni kama wenzake. Alizunguka, akatafuta nyumba yake, hakuiona. Akamkimbiza jike mmoja, akapotea kwenye mawe, akakutana na mwingine, akasahau alikuwa anamkimbiza nani. Jioni alikuwa amejichagulia pango lake na wengine wanakula mchicha wa kuchemsha. Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu.

Na mama akageuza kiti.

Aligeuza kwanza nusu, halafu chote. Upande wa pili wa mawe mume wangu alikuwa anakunywa chai yake. Mama akasema, akiliambia tangi, "Huyu wa bluu leo ana hasira."

Kutoka nyuma ya mawe ikaja sauti ya mume wangu, naye akiliambia tangi: "Ni njaa hiyo. Viluwiluwi vya mbu vimekwisha."

"Kwenye gudulia la nyuma vipo," mama akaliambia tangi.

Tangu hapo wakawa wanaongea kila jioni, bei ya pamba, mvua, mguu, wote kwa kupitia furu. Mimi nilikaa jikoni nikijipongeza. Nilidhani nimeshinda.

Sikuwa nimeshinda. Mguu ulipopona, mama alifunga mkoba wake, akauweka mlangoni. "Nimekaa vya kutosha. Kuongea na samaki ni sawa, lakini nyumba bado ni ya mkwe. Jumamosi nipelekeni Kamanga." Nilibembeleza, nilifoka, nikalia mbele yake bila haya. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga na hakubadili neno.

Wiki hiyohiyo jike mmoja aliacha kula. Alijificha pangoni, kidevu kimevimba, chakula kikimpita puani hagusi. Mama alimwangalia siku kadhaa akitikisa kichwa. Kwake yeye samaki ambaye kesho atakufa mwenyewe anatakiwa kuliwa leo, na isitoshe nilikuwa nimemlisha mama mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, tangu afike, huku samaki anayemtamani akiogelea mbele ya macho yake kila jioni. Hilo wala halikuwahi kunipitia akilini.

Ijumaa nilitoka zamu nikasikia harufu tangu kwa jirani. Furu wa kukaangwa hafichiki. Nikaingia na maneno yote mdomoni tayari. Jike wangu! Baada ya kusumbuka kote kule!

Sebuleni hapakuwa na mtu. Nikatoka uani, nikasimama.

Mama alikuwa amechuchumaa kwenye beseni. Mume wangu alikuwa amechuchumaa ng'ambo ya beseni hilohilo, jagi mkononi, vichwa vyao karibu vigongane. Walikuja kunieleza baadaye: mama alimpasua yule jike juu ya beseni la kuoshea, akamfungua kinywa kumtoa matamvua, na kinywani wakamwagika watoto, wadogo kama punje za mtama, wana macho, wanaogelea. Hakuwa mgonjwa yule. Alikuwa amebeba wanawe. Mama alipiga yowe, na mume wangu aliyekuwa chumbani akidhani ameanguka tena akatoka mbio bila kukohoa. Jike alikaangika huku wao wakiwahangaikia watoto.

Sasa mama alikuwa anamtazama usoni, moja kwa moja, kama anavyonitazama mimi.

"Mkwe, hayo maji ni ya bomba au ya pipa?"

"Ya pipa, mayu," akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mimina polepole basi. Polepole! Unawazamisha."

Akamimina. Kisha wakagundua, wote wawili kwa pamoja. Mume wangu akainamisha kichwa, akaweka jagi chini. Mama akajiziba mdomo kwa kiganja. Nilisimama pale na hasira yangu imeyeyuka yote.

"Tumeshatazamana," mama alisema hatimaye. "Na hakuna aliyeanguka."

Mume wangu akacheka kidogo, akiwa bado ameinama. Mama akanyoosha mkono kwenye sahani iliyokuwa juu ya jiko, akamkata yule furu katikati, akamsogezea nusu yenye nyama. Nusu ya kichwa alikula mwenyewe, polepole, amefumba macho, na mimi nikaona aibu ya mapanki yangu.

Jumamosi niliamka mapema nione atafanyaje. Alikuwa uani, ameufungua mkoba, anatoa kanga moja baada ya nyingine akichagua iliyo nyepesi. Akaitandaza juu ya beseni, akaikaza kwa mawe madogo pembeni ili paka wa jirani asiingie.

"Nani atawalisha hawa mchana, na nyie wote mnakwenda kazini?" aliniuliza kwa ukali, utadhani mimi ndiye niliyekuwa nimefunga mkoba.

Nikaingia ndani haraka, nisije nikaharibu. Mume wangu alitoka kwa mlango wa mbele, akamwamkia shikamoo kwa sauti, na mama akamwitikia marahaba akiwa ameinamia beseni. Ule mkoba niliuweka juu ya kabati ukiwa mtupu, na ukakaa huko mpaka panya wakautoboa.