Ngamia wa marehemu baba alinikataa, pamoja na diploma yangu

Wakuu, asalaam aleikum. Haya ni ya kweli. Anayebisha aje kwetu Galbet nimwonyeshe ngamia mwenyewe.

Kwanza mnijue. Nina diploma ya afya ya mifugo, nimefanya kazi Qatar miaka tisa, na nyumba anayokaa mama nimeijenga mimi. Sikubebwa na mtu.

Baba alifariki asubuhi, akazikwa alasiri, kama dini inavyotaka. Mimi nilikuwa bado natafuta tiketi.

Nilipofika sikulia. Nilikaa na wageni, nikawaeleza mpango wangu wa kufungua duka la dawa za mifugo mtaa wa Iftin.

Mama, akiwa kwenye eda, aliniambia jambo moja tu: "Wewe ni kifungua mimba. Fimbo ya baba yako ni yako."

Nikamjibu nitaajiri mchungaji.

Shida ikawa mama mwenyewe. Tangu mazishi chakula kilikuwa hakimpiti vizuri kooni. Alichotaka ni maziwa ya ngamia mmoja mweupe, ambaye baba pekee ndiye aliyemkamua. Kwetu wanawake hawakamui ngamia, kwa hiyo dada yangu Halima hakuweza kusaidia. Mchungaji alijaribu, akapigwa teke. Mama akazidi kukonda.

Nikasema, hii ni kazi ya msomi. Nikatoa sindano ya kuteremsha maziwa. Teke lilifika kabla sindano haijaingia.

Kesho yake nikachuchumaa na ndoo. Halima akacheka mpaka akashika ua wa zizi.

"Waryaa, wewe dokta wa Qatar! Huyo si ng'ombe. Baba alikuwa anasimama kwa mguu mmoja, bakuli juu ya goti."

"Najua."

"Unajua na umechuchumaa?"

Kisha akaingia ndani, akarudi na kikoi cha baba. Hakikuwa kimefuliwa. "Vaa hiki. Ngamia hamjui mwenye hiyo suruali."

Nilikataa. Wakuu, sababu haikuwa aibu. Niliona nikikivaa, basi baba amekufa kweli.

Halima akasema, "Mama hajala tangu jana."

Nikavaa. Kilinuka moshi na jasho lake. Nikasimama kwa mguu mmoja, nikiyumba kama mlevi, bakuli gotini. Ngamia akanusa kikoi, akatulia. Ndama wake akanyonya kidogo, maziwa yakashuka.

Hapo ndipo nikalia, mikono yote ikiwa kazini, sina hata wa kufuta uso.

Mama alikunywa bakuli lote. Akanitazama, akaona kikoi.

"Karibu nyumbani," akasema.

Nilikuwa tayari nimekaa pale siku kumi na moja.

Duka nitafungua, na diploma itatundikwa ukutani, msiwe na wasiwasi. Lakini kila alfajiri mimi ndiye ninayekamua. Nilichojifunza ni kwamba ndege hunileta mpaka mlangoni tu. Kuingia ndani ni kazi nyingine.

Waliofiwa wakiwa mbali, nanyi mliingia lini? Andikeni hapa chini. Wa kulicheka lile teke pia karibuni, alama bado iko pajani.