Nta Juu ya Bomba la Mvuke

Siku nyuki walipotufungia kiwanda naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaita. Usicheke. Nilikuwa binti pekee kwenye ufundi wa mabomba ya mvuke, kiwanda cha asali, hapa Tabora mjini.

Bomba la mvuke huvikwa pamba ya kuzuia joto, kisha juu yake gamba la kuikinga na maji. Bosi alitaka gamba la alumini, eti linang'aa wageni wakija. Nikakataa. Bomba lilipita juu ya karo la kuoshea mapipa, na dawa kali ya pale ilikwishatoboa alumini mara mbili, pamba ikalowa, joto likapotea bure. Nikachagua kitambaa cha nyuzi za kioo, kinachopakwa rangi maalumu isiyopitisha maji.

Hapo ndipo nilipojitia ujuaji. Rangi ilichelewa, mvua ikakaribia, nami ni mtoto wa mrina asali wa kijiji cha Ipole. Nyumbani kwetu kila kisichotakiwa kulowa kilipakwa nta. Basi nikaiyeyusha, nikakipaka kitambaa. Mvuke ulipofunguliwa asubuhi, nta ikachuruzika kwenye vali, harufu ikaenea, na kufika saa nne nyuki walikuwa wamelivaa bomba zima. Watu walikimbilia barabarani, wengine na ndoo kichwani!

Bosi akaniletea karatasi. "Andika kwamba kitambaa hakifai. Usipoandika, rudi kwenu."

Nilikuwa naona aibu. Kazi ile niliipenda. Mzee Maganga, aliyenifundisha, akaniuliza taratibu, "Binti, kilichoyeyuka ni kitambaa?"

"Hapana, baba. Ni nta."

"Basi andika nta."

Nikaandika kwamba nta ni kosa langu, nitaikwangua mwenyewe, na kitambaa kibaki. Nikafukuzwa siku hiyohiyo. Alumini ikarudishwa, na masika hayajaisha ikawa matundu matupu. Walinifuata Ipole. Nilirudi, lakini sikuomba msamaha kwa kuchagua kitambaa, na leo bado siombi.

Mwanangu, ukikosea, litaje kosa lako kwa jina lake, usilipunguze. Lakini asikutokee mtu akaitumia aibu yako kukupokonya na lile ulilopatia. Hilo mkatalie, hata kama sauti inatetemeka. Mungu akupe mikono ya kazi na shingo isiyoinama kwa uongo.