Kadi ya sauti na imondo ya baba

Leo nimehongwa na mama yangu mzazi.

Baba aliniita nyumbani Malava. Kompyuta yake ya zamani imekuwa bubu wiki nzima, na yeye huchezanga rumba humo kila alfajiri, sauti mpaka mwisho.

Nikabadilisha spika. Kimya.

Nikafungua kasha la kompyuta. Kadi ya sauti haikuwa imeharibika. Haikuwepo kabisa.

Nikaenda jikoni kumuuliza mama kama kuna mtu aliigusa. Alifunua tu mkebe wa unga, nikaiona humo, imefungwa vizuri kwa nailoni.

"Mimi nataka kulala," akasema.

Kisha akatoa imondo kwenye sufuria ya kuku, akanipa. Imondo, ile firigisi ya mwenye boma. Mimi binti, sijawahi hata kuilamba.

Nikaila nikiwa nimesimama.

Nikamwambia baba kadi imekufa, na siku hizi haziuzwi. (Msinihukumu.)

Akakubali vizuri tu, mpaka chakula kilipoletwa. Akageuza vipande kwenye bakuli mara mbili, akaniangalia.

"Kadi imekufa, sawa. Na imondo nayo imekufa?"

Bado anangoja jibu. Nisaidieni haraka, mama amejifanya anaosha vyombo.