Kadi Iliyomleta Ami Faki

Harufu ya vumbi linaloungua taratibu ndani ya kompyuta hunirudisha kijijini Wawi, Pemba, miaka ile karafuu zimeanikwa uani kwetu, nami nashindana na binamu yangu Salma mchezo wa mpira kwenye kompyuta ya Baba. Kushindana ni kusema tu. Picha zilikuwa zikiganda: unapiga shuti, kila kitu kinasimama, na zikizinduka mpira umo golini kwako. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha vyama vya siasa vikaingia nyumbani. Baba chama hiki. Mdogo wake Ami Faki, babake Salma, chama kile. Wakasusiana kama walivyosusiana wengi Pemba siku hizo, dukani, harusini, hata salamu. Salma akakatazwa kuja kwetu. Nililia sana, sikufichi.

Shangazi yetu wa Muscat, mjanja yule, akasikia. Akanunua kadi ya picha, kile kibao cha ndani kinachofanya michezo ikimbie bila kukwama, akaituma kwa Ami Faki. Kisha akatupigia simu: "Kadi iko kwa Faki, na yeye ndiye ajuaye kuifunga. Anayeitaka amwite." Baba akanuna. Nilimganda kama kupe mpaka akachoka. "Mwambie ami yako aje. Lakini mimi sina maneno naye."

Ami akaja na bisibisi, Salma nyuma yake. Nikawa mjumbe wa watu wawili waliokaa mkeka mmoja. "Mwambie baba yako asogeze taa." "Mwambie ami yako taa ndiyo imefika hapo." Mimi na Salma hatukuthubutu kutazamana. Ami akafungua kompyuta, akaingiza mkono, na Baba akaruka: "Faki, toa mkono, waya bado uko kwenye umeme!" Akauchomoa mwenyewe. "Ahsante, kaka," Ami akasema. Baba akanituma jikoni nikawaletee kahawa.

Jioni ile wachezaji walikimbia kweli. Salma alinifunga nikafurahi, huku wazee wetu wakibishana kuhusu penalti, uso kwa uso. Miaka mingi baadaye, Ami alipofariki, Baba ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea.

Juzi wanangu walibadilisha kadi ya kompyuta yao. Nikawauliza kama nimwite mtu awasaidie. Wakasema hakuna haja, wameshamaliza. Picha zao ni safi ajabu, hadi jasho la mchezaji unaliona. Nami nikaihurumia nyumba yangu, isiyokuwa na sababu ya kumwita ndugu.