Kanisa Alimoolewa Susu Ndinda

Nakumbuka, mwanangu, siku moja tulipokuwa na marehemu mochari na hatuna pa kumzika. Marehemu mwenyewe alikuwa Susu Ndinda, mama yake baba yangu. Susu ndivyo tunavyomwita bibi huku Ukambani. Shamba lilikuwepo, pale Mitaboni, alilolilima maisha yake yote. Kaburi la mumewe lilikuwepo pia, na kando yake nafasi aliyozoea kuifagia akisema ndiyo kitanda chake. Lakini Babu Kioko, mdogo wake marehemu babu, ambaye sasa ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alisimama mbele ya wazee akasema yule mama hakuolewa.

"Mimi sikuona harusi na sikuona mbuzi," alisema. "Mwanamke hana ntheo, tunamrudisha kwao."

Ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, wakachinjwa na kuliwa na pande zote mbili. Kwetu sisi, hata uvishwe pete na askofu, bila mbuzi hao wewe ni mgeni aliyekawia. Na mama akizikwa kwingine, mwanawe atasimama wapi? Baba yangu alikuwa mtoto wa pekee. Alilielewa neno lile: angepoteza kaburi la mama yake na shamba pia.

Mimi nilikuwa kijana, nafanya kazi kiwanda cha saruji Athi River, na damu inachemka. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu nilikuwa nimeyaona. Muda mfupi kabla ya msiba, Babu Kioko alikuwa akiwazungusha shambani watu wa Nairobi wenye viatu safi, wakiipima kwa macho sehemu inayopakana na barabara. Nilipouliza wanatafuta nini, alinijibu kwamba wamependa hewa. Hewa! Tangu siku hiyo sikumwamini hata aliponijulia hali.

Baba alijua jambo moja tu: wazazi wake walifunga ndoa kanisani, upande wa kwao Susu, kwenye milima ya Iveti. Kanisa gani, hakujua. Akanituma nikalitafute.

Sasa, mwanangu, hakuna anayeshukiwa Machakos kama kijana anayeuliza habari za watu wa zamani. Kanisa la kwanza, mzee wa kanisa aliniuliza niko na kesi gani. La pili, waliniacha nimesimama juani mpaka chifu akaitwa. Na mimi sikuwa bora kuliko wao. Kila aliyesema "sijui" nilimwona ni mtu aliyekwisha kulishwa na Babu Kioko. Nilimshuku hata mama mmoja aliyenipa maji ya kunywa, eti kwa sababu aliniuliza jina mara mbili. Shaka ni kama kiroboto. Ukishamleta nyumbani hachagui pa kuuma.

Kumbe ni mama huyo huyo wa maji aliyenifungulia njia. Aliniambia kanisa ninalolitafuta halipo tena. Lilikuwa la udongo na nyasi, likabomolewa, watu wakajenga la mawe kule juu na kulipa jina jingine. Lakini mjane wa mwalimu wa dini wa lile la zamani alikuwa hai, na yule mama wa maji akanionyesha nyumba yake.

Mjane huyo aliitwa Kalunde. Nilimkuta akichambua ndengu. Nikamweleza yote: msiba, shamba, na maneno ya Babu Kioko. Alinitazama kuanzia viatu hadi usoni.

"Na Ndinda mwenyewe hakukuambia aliolewa wapi?"

"Hapana, mwaitu," nikajibu, maana mama wa heshima tunamwita mwaitu.

"Ulimuuliza?"

Nikaanza kumweleza tena habari za shamba, akanikatiza.

"Miaka yote hiyo anakupikia muthokoi na haujamuuliza. Saa hii kuna shamba, ndio unatafuta kanisa. Sasa wewe na huyo Kioko mko na tofauti gani?"

Niliona aibu, nikaona na hasira, kwa kuwa ilikuwa kweli. Akarudi kwenye ndengu zake, nami nikadhani amenifukuza. Kisha akasema ndoa ilifungwa, na mumewe yeye, yule mwalimu wa dini, alikataa kuifungisha mpaka ntheo iletwe kwanza. Na aliyewaswaga mbuzi hao kutoka Mitaboni hadi milimani alikuwa Kioko mwenyewe, kijana wa miguu myepesi. Alikula nyama, akalala jikoni kwa Kalunde.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimsihi twende wote. Alisita, akasema hataki kesi za watu, na ajuaje kwamba sitamtumia halafu nimtelekeze njiani? Mwishowe akachukua fimbo yake, akaniambia anakwenda kwa ajili ya Ndinda, si kwa ajili yangu.

Tulipofika nyumbani wazee walikuwa wamekaa. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumvua Babu Kioko nguo mbele ya ukoo mzima. Sikupata kuyasema. Alimwona Mwaitu Kalunde akiingia langoni, akamtambua, akainamisha kichwa. Kabla yeyote hajafungua kinywa, aliwageukia vijana.

"Chimbeni pale kando ya kaka yangu," alisema.

Hadi leo sijui kwa nini alikana. Wale wapenda hewa hawakurudi tena, naye tulimzika zamani. Bado namshuku, Mungu anisamehe.

Mwanangu, wewe unayekaa Syokimau na kuja nyumbani Krismasi tu, sikuambii usishuku. Siku hizi asiyeshuku huamka akiwa mpangaji kwa baba yake. Ninachokuambia ni hiki: uliza mapema. Nenda kwa bibi yako Jumapili hii, ukae naye, umuulize aliolewa kanisa gani, nani alipeleka mbuzi, na nani alikula. Muulize wakati hakuna maiti wala shamba la kugawa, ndipo atakapokuamini, nawe utamwamini. Kuuliza si ujinga. Mimi harusi ya Susu wangu nilisimuliwa na mtu baki, mwenyewe akiwa amelala kwenye baridi ya mochari, na hilo linaniuma kuliko uongo wa Babu Kioko.

Mungu akupe wazee wa kukusimulia na subira ya kuwasikiliza. Na siku yako itakapofika, mbali kabisa, wasikosekane watu wa kusema: huyu ni wetu, mlazeni hapa.